Siku Ambayo Bi Asteria Hakuvuka Barabara

Ukifika Jamhuri ya Tulieni ukamwuliza mtu njia, kabla hajakujibu atakutafutia kiti. Si kwamba watu wa huko ni wakarimu kupita wengine, ingawa ukarimu wanao. Ni kwamba serikali yao, kwa kuwapenda mno, iligundua zamani kuwa mwananchi aliyesimama huanza kujiuliza anakwenda wapi, ilhali aliyeketi hutazama tu kilichowekwa mbele yake. Basi viti vikasambazwa nchi nzima, nchi ikatulia, na kila mwaka Mheshimiwa Rais akawa na kazi ya kutafuta kitu cha kuwatazamisha watu wake.

Mwaka huo kitu chenyewe kilikuwa mbio za magari.

Rais wa Tulieni aliitwa Dereva Mkuu wa Taifa. Bunge lilipompa cheo hicho lilikuwa na maana ya kuongoza nchi, lakini mtu ukimwita dereva miaka yote hiyo, mwisho atataka gari. Likaagizwa, jekundu, la chini kama kobe, lenye mngurumo wa kutisha. Kanuni za mashindano zikaandikwa, nazo zilikuwa nyepesi: gari la Dereva Mkuu lingetangulia, mengine yangefuata, na yeyote atakayelipita angehesabiwa kuwa amejaribu kuipindua serikali. Wakaalikwa madereva mashuhuri kutoka nchi za jirani. Wakazisoma kanuni, na wote kwa pamoja wakashikwa na mafua. Nafasi zao wakapewa mawaziri.

Barabara iliyochaguliwa ilikuwa ile inayouzunguka mtaa wa Mashimoni katika mji mkuu. Wakazi wake walikuwa wameililia izibwe mashimo tangu wengi wao hawajaota meno. Sasa ilizibwa ndani ya wiki, ikapigwa rangi nyeupe kandokando, ikang'aa. Wenye mtaa wakashangilia. Kisha ukajengwa uzio wa mabati kuizunguka, na wenye mtaa wakagundua kwamba barabara yao nzuri sasa imewafungia ndani kama kuku bandani.

*

Bi Asteria Ngonde aliishi Mashimoni, katika nyumba iliyotazamana na hospitali kuu. Katikati ilipita barabara hiyo tu. Alikuwa mjane, mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu aliyesimama wima na aliyezoea kuinyamazisha sauti ya nne kwa jicho moja. Mtoto alikuwa naye mmoja, Jenerosa, ambaye mumewe alikuwa askari wa mpakani na hakupewa likizo. Jenerosa alikuwa amekwisha kubeba mimba mbili, na watoto wote wawili walizaliwa wamekufa. Sasa hii ya tatu ilikuwa imetimiza miezi yake, na siku moja kabla ya mbio mama yake alimsindikiza wodi ya wazazi, akapangiwa kitanda cha dirishani.

"Mama, usichelewe kesho," Jenerosa alimwambia walipoagana. "Safari hii nataka uwepo."

"Nichelewe wapi, mwanangu? Ni barabara tu hapo katikati."

Asubuhi akapika uji wa pilipili manga, akautia kwenye chupa ya chai, akajifunga khanga mpya, akachukua na mbili za kumpokelea mtoto, akatoka. Akakutana na mabati yaliyopakwa rangi za bendera. Kwenye kona alisimama askari, kijana mwenye adabu, ambaye kofia ilimzidi kichwa.

"Shikamoo, mama. Unatafuta pa kutazamia?"

"Marahaba. Natafuta pa kuvukia."

Askari akafikiri. Alikuwa amefundishwa majibu ya maswali mengi: choo kiko wapi, maji yako wapi, jukwaa la kijani liko upande gani. Hilo la kuvuka hakufundishwa.

"Kuvuka kwenda wapi?"

"Pale." Bi Asteria akanyoosha kidole juu ya mabati.

"Pale hapana jukwaa, mama. Utaona nini?"

"Nitamwona mwanangu."

"Kumbe mwanao anashindana?"

"Anajifungua."

Askari akaitazama hospitali kana kwamba imejengwa usiku. Akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba yeye kazi yake ni kuzuia watu wasivuke, lakini wale wa Hema la Mwelekeo wanajua kila kitu.

Simu ikaita. Ilikuwa Jenerosa.

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako. Chungulia."

Kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza likatokea gauni la wagonjwa la bluu, na mkono ukapunga. Bi Asteria naye akapunga. Wangeweza kuitana kwa sauti wakasikilizana, isipokuwa kipaza sauti kilikuwa kimeanza kuwasifu wafadhili.

"Uchungu umeanza," Jenerosa alisema. "Unakuja na kupotea."

"Manesi wanasemaje?"

"Hakuna nesi, mama. Limekuja basi asubuhi, limewachukua wote. Kabaki mama wa usafi peke yake, na yeye anasema anaogopa damu."

Bi Asteria alitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hamwonyeshi mwimbaji kwamba naye amepotea. "Vuta pumzi polepole," akasema. "Nakuja."

*

Kufika kwenye Hema la Mwelekeo kulikuwa safari. Lilikuwa upande wa kushoto, karibu kabisa, lakini mishale yote ilielekeza kulia. Mratibu wa mishale alimweleza kwamba ni marufuku kwa mwananchi kutembea kinyume cha uelekeo wa Dereva Mkuu. Ukitaka kitu kilicho nyuma yako, unauzunguka mtaa mzima mpaka kiwe mbele yako. Watu waliopitwa na jukwaa lao kwa bahati mbaya walikuwa wanazunguka tangu alfajiri, wengine wakiwa wamebeba viti vichwani.

Ndani ya hema aliketi Naibu Mkurugenzi wa Utazamaji, Bwana Danstani Kachenje, mtu mwembamba mwenye suti iliyokuwa na nembo ya usukani kifuani. Mbele yake alisimama mzee mmoja mfupi, kofia mkononi. Alikuwa Mzee Mahanyu, dereva wa malori mstaafu, aliyesafiri kutoka mikoani kwa sababu maisha yake yote alitamani kuona mbio za magari kwa macho yake.

"Kwa macho haitawezekana, mzee wangu," Bwana Kachenje alikuwa akimwambia. "Lakini serikali hii haijamwacha mtu. Jukwaa la Dhahabu ni la wageni waheshimiwa. Jukwaa la Kijani ni la wananchi waliochaguliwa kuonekana kwenye televisheni. Wengine kila mmoja atashiriki kwa kiungo alichojaliwa. Tuna Eneo la Kusikilizia, na tuna Eneo la Kunusia. Wewe nimekupa la kunusia. Petroli yenyewe imeagizwa nje."

"Pua yangu imeziba, mheshimiwa," Mzee Mahanyu alisema kwa unyonge.

"Basi sikiliza." Akamfunga utepe wa rangi nyingine mkononi. "Na wewe, mama?"

Bi Asteria akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, tangu mimba ya kwanza. Bwana Kachenje alimsikiliza akitikisa kichwa, na alipomaliza akamfunga utepe wa kusikilizia.

"Mwanangu, mimi sitaki kusikiliza. Nataka kuvuka. Lile daraja la waenda kwa miguu je?"

"Limepandishwa cheo, mama. Sasa ndilo Jukwaa la Dhahabu. Ukilipita utawakinga wageni."

"Mbona naliona tupu?"

"Wageni bado hawajafika. Hoteli yao iko nje ya uzio, wameshindwa kuvuka barabara." Bwana Kachenje alisema hayo kwa fahari ya mtu ambaye mipango yake haipendelei mtu. Kisha akasimama, akakohoa, na kutoa hotuba, ingawa hemani walikuwemo watu wawili tu. Alisema kwamba mataifa makubwa hayajajengwa na watu wa kuvukavuka. Kwamba kuvuka ni fikra ya kikoloni. Kwamba mtoto atakayezaliwa siku kama ya leo ana bahati, maana atakapokuwa mkubwa ataambiwa alizaliwa siku ya mbio. Mzee Mahanyu akapiga makofi kwa mazoea, akajishtukia, akaacha.

*

Eneo la Kusikilizia lilikuwa nyuma ya ukuta wa soko. Mabenchi yalipangwa kuuelekea ukuta, na watu walikaa kimya, vichwa vimeinamishwa upande, kama wanaosubiri ukuta ulipe deni. Mratibu wa Usikilizaji aliwafundisha: mngurumo ukitoka kushoto kwenda kulia, piga vigelegele, ukisikika katikati, simama, usiposikika kabisa, endelea kufurahi.

"Nimeuza mbuzi kwa ajili ya nauli," Mzee Mahanyu alimnong'oneza Bi Asteria. "Mke wangu ataniuliza nimeona nini. Nimwambie nimeona tofali?"

Bi Asteria alikuwa anazungumza kwenye simu. Uchungu sasa ulikuwa unakuja na kukaa. Alimhesabia mwanawe pumzi, akipiga mdundo kwa vidole juu ya chupa ya uji, na waliokuwa jirani naye benchini wakaanza kupumua vilevile bila kujua.

Ghafla Bwana Kachenje akatokea mbio, tai imelalia begani. Kwenye Jukwaa la Kijani, mstari wa mbele, mbele kabisa ya kamera, kiti kilikuwa kimebaki wazi. Mke wa waziri mmoja aliyekuwa akikitegemea alikuwa amemwona mumewe akifundishwa kukanyaga klachi, akapatwa na mafua. Dunia haikupaswa kukiona kiti kitupu. Bwana Kachenje akapita akiwakagua watu mmoja mmoja, mpaka macho yake yakasimama kwenye khanga mpya na mgongo ulionyooka.

"Wewe mama. Unaweza kutabasamu?"

Bi Asteria alikuwa tayari kumpa jibu lake, akaghairi. "Jukwaa hilo liko karibu na barabara?"

"Liko barabarani hasa. Ukinyoosha mguu umeigusa."

"Na ng'ambo yake kuna nini?"

"Geti la hospitali. Lakini usijali, tumelifunika kwa bango zuri."

"Naweza kutabasamu," Bi Asteria alisema. "Ila huyu mzee tunakwenda naye. Ndiye anayenibebea uji."

Bwana Kachenje alimtazama Mzee Mahanyu, ambaye tayari alikuwa ameikumbatia chupa kama mtoto mchanga. Muda haukuwepo wa kubishana. Mbebaji, akaamua, anaruhusiwa kusimama nyuma ya kiti.

*

Jukwaa la Kijani lilikuwa jeupe. Wananchi waliochaguliwa kuonekana walikuwa manesi wa hospitali kuu, wote, na sare zao, wakipeperusha vibendera vya karatasi. Ilionekana ofisini kwamba weupe unapendeza kwenye televisheni na unaonyesha kuwa nchi ina afya. Bi Asteria aliketi, akageuka kumsalimu jirani yake, akamtambua. Alikuwa mkunga aliyempokea Jenerosa jana yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, Sista Adventina.

"Sista, mwanangu yule wa kitanda cha dirishani."

"Jenerosa? Ameanza?"

"Ameanza tangu asubuhi."

Kibendera cha Sista Adventina kikashuka mapajani. "Tumeambiwa wagonjwa leo wanapumzika," alisema polepole. "Na nesi atakayeacha kiti wazi atahamishiwa kisiwa cha wafungwa. Mama, mimi nina wanangu wanne." Akatazama ng'ambo. "Historia yake naijua. Yule si wa kuachwa peke yake."

Kabla hawajaendelea, bunduki ikapigwa hewani na mbio zikaanza.

Lilitangulia gari jekundu. Lilikuja polepole sana, likinguruma kwa hasira, kwa sababu Dereva Mkuu, ambaye umri ulikuwa umekwenda, hakuiamini gia ya pili. Nyuma yake mawaziri walijipanga kama wasindikizaji wa bibi harusi, breki mguuni, nyuso zimeloa jasho. Waziri wa Maji alikuwa amewasha vipangusa kioo na hajui kuvizima. Mbele ya msafara alitembea kuku mmoja aliyeingia kwenye barabara bila kibali, na kwa kuwa alikuwa mbele ya Dereva Mkuu, hakuna aliyejua kama akamatwe au apigiwe saluti.

"Mwendo wa radi," kilisema kipaza sauti. "Jicho haliwezi kufuata."

Jicho lilifuata bila shida. Gari jekundu likafika mbele kabisa ya Jukwaa la Kijani, likapiga chafya mara mbili, likanyamaza.

Mzee Mahanyu akainamisha sikio. "Limezima," akasema, kwa sauti ya fundi asiye na nia mbaya. Watu waliokuwa karibu wakasogea mbali naye. "Sijasema kitu," akaongeza.

Hapo ndipo mambo ya Tulieni yalipojifunga fundo. Kusema kwamba gari la Dereva Mkuu limesimama kulikuwa ni kusema kwamba Taifa limesimama. Fundi hakuweza kuitwa, kwa sababu fundi huitiwa gari lililozima, na hili halikuzima. Hakuna aliyeweza kulisukuma, maana lilikuwa linakwenda. Mawaziri nyuma hawakuweza kulipita. Mmoja alijaribu kurudi nyuma kidogo apumue, akafukuzwa kazi papo hapo kwa kipaza sauti. Askari walisimama kila baada ya hatua chache, bunduki mkononi, wakizuia watu wasiingie mbele ya magari yaendayo kasi. Jua likapanda. Manesi wakapeperusha vibendera. Vichwa vyao, kwa amri ya mratibu, viligeuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kulifuata gari ambalo lilikuwa palepale.

"Linapinda kona," kilisema kipaza sauti. "Ustadi ulioje."

Simu ikatikisika. Safari hii Jenerosa hakusema maneno. Bi Asteria alisikia pumzi, kisha mlio mrefu wa chini alioutambua, maana yeye mwenyewe aliwahi kuutoa. Kisha: "Mama, nasukuma. Siwezi kujizuia."

Bi Asteria akasimama.

"Sista, twende."

Sista Adventina alimtazama askari wa karibu, akatazama dirisha la wodi. Akajifuta mikono kwenye sare, kama afanyavyo kabla ya kazi, akasimama naye. Mzee Mahanyu, bila kuambiwa, akampa Bi Asteria chupa yake ya uji na kuketi kwenye kiti alichokiacha. Manesi wawili wa pembeni wakajitanua wakatandaza sketi zao, na kiti cha Sista hakikuonekana tena.

Bwana Kachenje alikuja amejikunja, akipita chini ya kamera.

"Mama, keti. Gari linakuja kwa kasi."

"Naliona."

"Litakugonga."

"Likinigonga utaniokota."

Bwana Kachenje alikuwa mtu wa ofisi, hakuzoea kusema ukweli, na ukweli ulimtoka kwa shida. "Mama yangu," alinong'ona, "tatizo si likikugonga. Tatizo ni lisipokugonga."

Bi Asteria aliielewa hofu yake. Yeye mwenyewe alikuwa na yake. Lakini alikuwa amekwisha kukaa nje ya mlango mara mbili, akingoja sauti ya mtoto ambayo haikutoka. Akainua kamba, akamshika Sista mkono, wakashuka kwenye lami.

Askari wakainua bunduki, wakazishusha, wakatazamana. Kama gari lilikuwa linakwenda, wanawake hao walikuwa wamekwisha kufa. Na hakuna askari aliyewahi kuamriwa kumzuia maiti.

Walikuwa wanapita mbele ya gari jekundu Bi Asteria aliposikia sauti.

"Mama."

Ilitoka kwenye dirisha la gari, sauti ya mzee, imebanwa ndani ya helmeti. Akasita. Sista akamvuta mkono, lakini malezi yalimzuia Bi Asteria kumpita mtu mzima anayemwita.

"Tangulia, Sista," akasema. Akasogea dirishani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hivi gari hili linakwenda?"

Hilo hakulitarajia. Angeweza kusema chochote. Akasema, "Limesimama, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu muda mrefu."

Helmeti ikatikisika. "Nilihisi. Niliona kuku mmoja dirishani, kisha nikamwona tena. Lakini nasikia wanatangaza kwamba nakwenda, nikajua ni macho yangu." Akafunua kioo cha helmeti. Ulikuwa ule uso uliotundikwa katika kila ofisi ya Tulieni, isipokuwa wa ofisini ulikuwa wa kijana. Huu ulikuwa umelowa jasho, na midomo imekauka ikapasuka. "Watu wanatazama?"

"Nchi nzima."

"Basi siwezi kushuka." Akaitazama chupa. "Una maji?"

"Nina uji wa mzazi."

Moyo ulimwenda mbio kuelekea ng'ambo, lakini mikono ilifungua kifuniko, ikajaza kikombe, ikakipitisha dirishani. Mzee akanywa mpaka mwisho, macho yamefumba.

Kipaza sauti kilikuwa kimekosa maneno kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kikakohoa. "Na sasa," kikasema, "kwa kasi hiyohiyo, Dereva Mkuu anakunywa uji."

"Ahsante kwa kuniambia," mzee alisema, akirudisha kikombe. "Usimwambie mtu mwingine."

"Sina nafasi ya kumwambia mtu, baba. Mwanangu anajifungua."

"Nenda basi. Nenda."

Bango lililofunika geti la hospitali lilikuwa picha kubwa ya hospitali, yenye manesi wengi wanaotabasamu. Sista Adventina alikuwa amekwisha kulinyanyua upande mmoja. Wakapita chini yake kwa magoti.

*

Jenerosa alikuwa amechuchumaa sakafuni, kichwa kwenye godoro. Mama wa usafi alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, macho yake mwenyewe ameyafumba.

Sista alinawa, akapiga magoti, akapima, na uso wake ukabadilika. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Alimwambia Jenerosa asisukume mpaka aambiwe. Jenerosa akasema hawezi. Bi Asteria akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha mwanawe kifuani, akaanza kuimba. Hakuimba wimbo wenyewe, aliimba mdundo tu wa sauti ya pili, ule anaowafundishia wageni wa kwaya wasiojua pa kuvuta pumzi. Akainua mkono wake mmoja, kama afanyavyo mbele ya waimbaji, na Jenerosa akaukodolea macho. Mkono ulipokaa juu, alijizuia. Sista aliposema sasa, mkono ukashuka.

Mtoto akatoka, wa bluu, kimya.

Nje walikuwa wanashangilia kitu. Sista Adventina alikivua kitovu shingoni, akamlaza mtoto, akamsafisha kinywa, akamsugua mgongo, akampulizia. Bi Asteria alikijua kimya hicho. Alikisikia mara mbili, akiwa nje ya mlango. Sasa alikuwa ndani, na akaona kwamba ndani hapakuwa na kimya kitupu, palikuwa na kazi: vidole viwili vya mwanamke mnene vikisukuma kifua kidogo, bila haraka, bila kukoma. Akajikuta mkono wake uko hewani tena, ukihesabu.

Kisha kikatoka kikohozi, kama cha paka. Kisha kilio.

Mama wa usafi akafumbua macho, akaona damu, akaanguka. Hakuna aliyekwenda kumwinua kwa muda. Wote walikuwa wanalia.

*

Jioni jua likiwa bado lipo, Bwana Kachenje akafika wodini. Suti ilikuwa na vumbi magotini, kwa hiyo ilijulikana alikopitia. Akasimama miguuni pa kitanda, akarekebisha tai. Jenerosa alikuwa amelala. Sista Adventina alikuwa anakunywa uji uliobaki, na Bi Asteria alikuwa amempakata mtoto ndani ya khanga.

"Mama Asteria," alianza, kwa sauti ya hotuba lakini ndogo, "serikali imekaa, imetafakari. Gari la Dereva Mkuu lilikuwa katika mwendo wa kasi muda wote, na ndilo lililoshinda. Binadamu hawezi kupita mbele ya gari la namna ile akabaki mzima. Kwa hiyo imethibitika kwamba hakuna aliyepita."

"Haya," alisema Bi Asteria.

"Kiti chako hakikubaki wazi. Mzee yule amehojiwa, amekubali kwamba yeye ndiye wewe. Ameahidiwa kiti kwenye mbio za mwakani, amefurahi sana." Bwana Kachenje akafuta jasho. Ilionekana hotuba nyingine zote zilimpa raha, hii hapana. "Nimetumwa tukubaliane, mama, ili mambo yaishe vizuri, na mimi nirudi kwa wanangu. Hukuvuka."

"Sikuvuka."

"Wala Sista hakuvuka."

"Hakuvuka," alisema Sista Adventina, akilamba kijiko.

"Na kama hamkuvuka, basi hapa hospitalini hampo."

"Hatupo."

Bwana Kachenje akashusha pumzi, mabega yakalegea. Alikuwa ameanza kugeuka aondoke pale khanga ilipotikisika na kutoa sauti. Akasimama. Akatazama uso ule mdogo uliokunjamana, ngumi mbili, na kinywa kilichokuwa kinajiandaa kulia kwa nguvu zake zote. Bwana Kachenje alitafuta katika akili yake kanuni inayohusika, hakuiona.

"Na huyu je?" akauliza.

Bi Asteria akaifunua khanga, ili amwone vizuri.

"Huyu," akasema, "yupo."